Vyungu Arobaini vya Neli

Wahenga waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi hawakusema kwamba mhunzi halii koleo lake linapovunjika. Hulia. Hukaa chini akalitazama lile pande la chuma lililokatika, akajiuliza kwa nini hakuzaliwa mvuvi. Methali haisemi kwamba hasara haiumi. Inasema kwamba kazi imo ndani ya mtu, haimo ndani ya chombo, na mwenye kazi akishamaliza kulia atatafuta kitu kingine cha kushikia chuma. Wengi huitamka methali hii kwa wepesi, kama watu wanaopiga chafya. Mimi nitaieleza kwa habari za mwanamke mmoja mfinyanzi wa Matema, ambaye sisi watu wa ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hatumtaji bila kuinua vichwa.

Ulikuwa mwaka wa 1915, Wadachi, yaani Wajerumani, wangali wanatawala, na vita vyao na Waingereza vilikuwa vimebisha hodi hadi vijijini kwetu. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, wakabebeshwa risasi na unga, wakapotelea nyuma ya milima. Chumvi iliadimika. Nguo ziliadimika. Vitabu navyo vilikwisha kabisa, kwa kuwa meli hazikufika tena pwani. Shule ya misheni ya Matema ilibakiwa na kitabu kimoja tu cha kusomea, ambacho mchwa walikuwa wameanza kukila kutoka nyuma, nacho kilisimulia habari za theluji, farasi na matofaa. Wasomaji sitini, wakubwa kwa wadogo, walikisoma kwa zamu mpaka wakakikariri, hata ikawa mtu anaweza kukisoma kikiwa kimefungwa.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni, baada ya ibada, mwalimu wa shule alisimama mbele ya watu. Jina lake Ambilikile, Mnyakyusa wa Ndandalo, mrefu, mwenye sauti iliyokwaruzwa na miaka mingi ya kufundisha nyimbo.

"Mugonile," aliwasalimu, nao wakaitikia. "Ndugu zangu, vitabu vya Ulaya haviji. Tutaimba habari za theluji mpaka lini? Ninyi theluji mmeiona?"

Watu wakacheka.

"Basi tuandike chetu. Nina madaftari matano, ndiyo ya mwisho. Atakayechukua moja aandike kurasa arobaini kwa mkono wake, kwa Kiswahili, ili Mkisi, Mnyakyusa na Mkinga wote wasome. Aandike jambo analolijua yeye mwenyewe. Wiki kumi kutoka leo, siku ya Sikukuu ya Mavuno, wazee wa kanisa watachagua kazi moja. Hiyo ndiyo itakayokuwa kitabu cha shule zote za ufukwe huu mpaka vita viishe."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Sadoki. Huyu aliwahi kuwa karani bomani, alijua Kiswahili cha pwani, na alikitumia kama mtu anayevaa kanzu mbili kwa wakati mmoja. Alisema ataandika safari zake. Wanaume wengine watatu wakachukua madaftari yao. Likabaki moja, na hapo akasimama Neli.

Neli alikuwa Mkisi, mwenye umri wa miaka thelathini hivi, aliyejifunza kusoma katika darasa la ubatizo. Mumewe, Andrea, alikuwa amechukuliwa upagazi miezi minne iliyopita, naye alibaki na mama mkwe wake, Rut, wakifinyanga vyungu ufukweni.

"Nipe hilo, mwalimu," alisema. "Mimi nitaandika habari za vyungu."

Sadoki akageuka. "Vyungu, dada Neli? Chungu nacho kina hadithi?"

"Bwana Sadoki, uji uliokunywa asubuhi ulipikiwa kwenye kofia?"

Kanisa zima likaangua kicheko, na daftari likawa lake. Lakini moyoni Neli hakuwa akifanya mzaha. Mama yake mzazi alikuwa amefariki na maarifa mengi ya udongo kichwani, na mengine yalikuwa yamekwisha kusahaulika. Neli alitaka wana wa Matema wajifunze kusoma kwa kusoma habari za mikono ya mama zao, si habari za farasi. Hilo ndilo alilolitaka, na alilitaka sana.

Wiki tano za kwanza aliandika kwa furaha. Asubuhi, vyungu vya jana vilipokuwa vikikauka kivulini, alikaa mlangoni na daftari juu ya mapaja. Aliandika jinsi mama yake alivyouonja udongo kwa ulimi kabla ya kuuchimba. Aliandika jinsi udongo unavyopondwa, unavyokandwa, unavyolazwa. Aliandika habari za kigae, kwa kuwa Mkisi hatupi kigae: chungu kikivunjika, kitako chake huwekwa chini, na chungu kipya hukalishwa humo na kuzungushwa kwa mkono kinapofinyangwa. Rut, ambaye hakujua kusoma, alimpitia nyuma akiwa na kapu la udongo kichwani.

"Umeandika nini leo, mkwe wangu?"

"Habari za kigae, mama."

"Andika pia kwamba mke wa mwanangu ni mvivu wa kuchota maji."

"Hilo nimeliweka ukurasa wa mwisho, mama, nisije nikasahau."

Kurasa zilifika ishirini na sita. Mwalimu Ambilikile alizisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hakuna mwandishi mwingine aliyefika huko.

Kisha akaja mpagazi mmoja wa Matema aliyerudishwa kwa sababu ya ugonjwa wa tumbo. Miguu yake ilikuwa vidonda vitupu. Aliketi mbele ya Rut na Neli, akazunguka sana kwa maneno kabla ya kufika penyewe: Andrea aliugua homa njiani, akashindwa kubeba mzigo wake, akaachwa kando ya njia pamoja na wengine wawili. Msafara haukusimama. Kama alipona au hakupona, yeye hakujua, na hakuna aliyejua.

Rut alilia siku tatu, kisha akarudi kwenye udongo, kwa kuwa mtu lazima ale. Neli hakulia sana. Jambo lililompata lilikuwa jingine. Alipofungua daftari asubuhi, maneno hayakuja. Alikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Aliandika neno moja, akalifuta. Mambo yote aliyokuwa akiyaona mazuri juu ya vyungu sasa aliyaona ni upuuzi: mume wake amelala kando ya njia asiyoijua, naye anaeleza jinsi ya kulainisha mdomo wa chungu kwa kokoto! Hamu ilikatika. Hata kufinyanga kwenyewe kulimshinda, vyungu vyake vikatoka vimepinda, vinene upande mmoja.

Siku ya tano ya kukaa hivyo alilifunga daftari, akaamua asilione tena kwa muda. Na hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo asingeweza kulifanya mtu wa kabila jingine. Kwa Mkisi, kitu cha thamani hukaa chunguni: mbegu, chumvi, shanga za bibi. Neli alichagua chungu kipya cha wastani, akatandika nyasi kavu ndani ili daftari lisipate unyevu, akaliweka, akajaza nyasi juu yake, akafunika mdomo kwa jani la mgomba na kuufunga kwa kamba ya mgomba. Akakiweka chini ya dari pamoja na vyungu vingine. Wiki mbili hakukigusa.

Asubuhi ya Jumatano moja mwalimu Ambilikile alifika nyumbani.

"Ugonile, Neli. Sijaona ukurasa mpya siku nyingi."

"Mwalimu, afadhali umekuja. Nilitaka kukurudishia daftari lako. Nimeshindwa."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Akaingia ndani kulitoa, na hakukiona kile chungu. Chini ya dari palikuwa peupe.

"Mama! Vyungu vya hapa viko wapi?"

"Nimeviuza Jumamosi sokoni Lyulilo," Rut alijibu kutoka nje. "Ulikuwa hufinyangi tena, nami nilitaka ulezi na jembe. Kile kizuri nilimuuzia Mkinga. Si ulikuwa umekwisha kukifunga kwa safari?"

Neli akashika ukuta. Vyungu vya kupandishwa milimani Ukinga hufungwa hivyohivyo: nyasi ndani, jani la mgomba mdomoni, kamba juu, visije vikagongana njiani. Rut hakuwa na kosa. Aliona chungu kilichofungwa kwa safari, akakisafirisha.

Mwalimu hakumkaripia. Alisema kwa ile sauti yake iliyokwaruzwa, "Zile kurasa kumi na nne ambazo hazijaandikwa ningezikata, niwape wanaoanza kusoma. Hawana hata kipande cha karatasi." Akaaga, akaondoka akiwa ameinama kidogo.

Nisifiche: baada ya mwalimu kuondoka, jambo la kwanza Neli alilolihisi lilikuwa nafuu. Daftari limepotea, basi hakuna tena wa kumdai neno. Hakuna atakayesema Neli ameshindwa. Watasema Neli amepata bahati mbaya, na bahati mbaya haina aibu. Aliiona nafuu hiyo ikikaa ndani yake, akaichukia, lakini hakuifukuza.

Aliyeifukuza ni Sadoki. Jioni ileile walikutana kisimani, naye alikuwa amekwisha kusikia.

"Pole sana, dada Neli," alisema kwa upole ulioandamana na tabasamu. "Nimehuzunika. Basi, kazi ya chungu imeishia chunguni. Ndivyo ilivyoandikwa."

Neli alijitwika mtungi wake. Alirudi nyumbani, akafunga viazi kwenye nguo, akamwuliza Rut yule Mkinga alikuwa nani.

"Mhunzi. Mfupi, ana kovu la moto hapa kwenye mkono. Tweve. Wewe, unakwenda wapi?"

"Kufuata chungu changu, mama."

"Milimani peke yako, wakati huu wa vita?"

"Wanaokamata wapagazi wanatafuta wanaume. Sisi wanawake wanatuachia vyungu."

Alipanda tangu alfajiri. Mlima unaoanguka Matema hauna adabu. Humwinukia mtu puani bila kumtayarisha. Alasiri alifika huko juu penye baridi na ukungu, akaelekezwa kwa Tweve kwa kufuata mlio wa nyundo. Karibu na mlango wa kiwanda alikiona chungu chake kikiwa kimejaa maji ya kunywa, na mke wa mhunzi akiteka kwa kata.

"Karibu, mama," alisema Tweve bila kuacha kazi. "Umetoka ziwani?"

"Nimetoka Matema, baba. Ndani ya chungu hiki kulikuwa na daftari."

"Daftari?"

"Karatasi. Zimeshonwa pamoja."

Tweve na mkewe wakatazamana. Mke ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: "Tulidhani ni za kuzuia chungu kisivunjike, mama. Ziliwaka vizuri kuliko nyasi. Tuliwashia moto wa mivukuto siku tatu."

Neli akaketi chini palepale. Kurasa ishirini na sita. Sasa alilia, na alilia kwa yote: kwa daftari, kwa mama yake, kwa Andrea kando ya njia. Wenyeji wake hawakumkataza. Mke wa mhunzi alimletea uji wa ulezi, akauweka mbele yake, akakaa naye.

Alipotulia, alianza kuona alipo. Tweve alikuwa akifua chuma, lakini hakuwa na koleo. Chuma chekundu alikishika kwa fimbo mbichi aliyoipasua katikati, akaibana kwa mikono miwili, na mwanamume jirani yake ndiye aliyepiga nyundo. Fimbo ilitoa moshi, ikalia, ikaungua. Tweve aliitupa, akachukua nyingine. Kando yake palikuwa na rundo la fimbo nyeusi zilizoungua, na rundo jingine la fimbo za kijani zinazongoja.

"Baba, koleo lako liko wapi?"

"Lilivunjika juzi. Lile pale." Alilionyesha kwa kidevu: mkono mmoja wa koleo umekatika kwenye kiungo.

"Mbona usingoje upate jingine?"

Tweve alicheka mpaka akakohoa. "Mama, koleo hufuliwa kwa koleo. Nikingoja koleo ndipo nifue koleo, nitangoja mpaka lini? Hiki ninachokifua ndicho koleo lenyewe." Akakiinua kile chuma, na kweli, mkono mmoja ulikuwa umekwisha kupata umbo. "Kwa fimbo mbichi kazi ni mbaya, ni ya polepole, na inaunguza vidole. Lakini ni kazi."

Neli alinyanyuka kwenda kunywa maji, na alipoinama juu ya chungu chake aliona kwenye shingo yake alama yake mwenyewe, mistari mitatu na nukta mbili, aliyoichora kwa kijiti udongo ulipokuwa haujakauka. Mama yake ndiye aliyempa alama ile. Ilikuwa imepita motoni, imepanda mlima, imelowa, na ilikuwa wazi kama siku aliyoichora. Karatasi ilikuwa imeungua, lakini alama haikupungua hata chembe.

Alisimama pale muda mrefu, mpaka mke wa mhunzi akadhani mgeni wake ameugua.

"Baba Tweve," alisema hatimaye. "Mmeniunguzia karatasi zangu. Sitaki malipo. Nipe ule mkono wa koleo uliokatika, uninolee ncha."

Alilala kwao siku mbili, na Jumamosi jioni alikuwa Matema, na chuma chembamba chenye ncha kikiwa kwenye pindo la nguo yake. Zilibaki wiki mbili. Rut alikuwa amekaa mlangoni akimngoja, uso umemvimba kwa wasiwasi.

"Umelipata daftari?"

"Limeungua, mama. Tunahitaji udongo. Udongo mwingi."

Alipoeleza alilokusudia, Rut alimtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Kisha akainuka, akachukua jembe na kapu. "Mimi ndiye niliyeliuza," alisema. "Basi udongo nitaukanda mimi."

Siku sita walifanya kazi wanawake wale wawili. Rut aliponda na kukanda, Neli alifinyanga vyungu vidogo vyenye ubavu mpana, na kila kimoja kilipokauka nusu alikipakata, akaandika ubavuni kwa ncha ya chuma. Chungu hakina nafasi ya maneno mengi, wala udongo haungoji mtu anayetafuta neno tamu. Kila alichoweza kukiacha alikiacha. Cha kwanza kilisema: *Udongo mzuri hauko kila mahali. Mama yangu aliuonja kwa ulimi. Ukiwa na mchanga, aliutema.* Cha kumi na moja kilisema: *Usikisifu chungu kabla ya moto.* Hamu haikurudi siku ya kwanza, nisiwadanganye. Siku ya kwanza na ya pili aliandika bila hamu, kwa ubishi tu, kama Tweve na fimbo zake. Siku ya tatu, akiwa katikati ya sentensi, aligundua kwamba anaimba.

Cha arobaini alikiandika peke yake, Rut akiwa amekwenda kuchota maji. Hakumwambia kilichoandikwa.

Vilikauka wiki nzima. Ijumaa, siku mbili kabla ya sikukuu, walivipanga ufukweni, wakavifunika kwa matete na nyasi, wakawasha. Upepo wa mwera uliinuka ghafla ukapuliza moto upande mmoja, na Neli akasikia mlio anaoujua kila mfinyanzi. Kitu kilipasuka. Kisha kingine. Moto ulipokufa, walihesabu vyungu vizima thelathini na saba. Vitatu vilikuwa vigae, na kimojawapo kilikuwa cha arobaini.

Neli aliviangalia, akakaza meno. "Thelathini na saba basi," alisema, akaingia ndani. Hakuwa na udongo mwingine, wala siku nyingine. Rut alibaki nje, akaviokota vile vigae kimoja kimoja, kama alivyofanya maisha yake yote.

Siku ya Sikukuu ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mbele palikuwa na ndizi, ulezi, maharage, na samaki wakubwa aina ya mbasa waliokaushwa. Waandishi wawili kati ya watano walikuwa wamekata tamaa zamani. Wa tatu alileta kurasa kumi na mbili. Sadoki alileta arobaini kamili, mwandiko wa kupendeza, na alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya kasisi. Haki yake tumpe: ilikuwa kazi nzuri, ingawa ilichukua muda kabla safari haijaanza.

Kisha wanawake wa Kikisi wakaingia kwa mstari, kila mmoja na chungu mikononi, wakavipanga sakafuni. Watu walisimama kutazama. Neli alibaki mlangoni, mikono imekunjwa.

Mwalimu Ambilikile alipiga magoti, akainua cha kwanza, akasoma. Akainua cha pili. Kufikia cha tano sauti yake ilikuwa imebadilika. Wasomaji wa darasa la ubatizo walianza kusogea, kila mmoja akiinama juu ya chungu alichokiona, na punde kanisa zima lilikuwa likisoma kwa sauti, huyu udongo, yule moto, wale kigae, kwa maneno ambayo hakuna aliyekuwa ameyakariri.

Lazaro, mkubwa wa wazee wa kanisa, aligonga fimbo chini. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake haikuwa na mlango wa nyuma. "Ni kazi ya ajabu," alisema. "Kama ni daftari au ni chungu, mimi sibishi. Lakini mwalimu alisema arobaini. Nimehesabu mara mbili. Hivi ni thelathini na saba."

Sadoki alitazama viatu vyake.

"Ni kweli, baba," alisema Neli kutoka mlangoni. "Vitatu vilipasuka motoni."

"Subirini," ilisema sauti nyuma yake.

Rut alipita katikati ya watu, ameshika pindo la nguo yake kama anayebeba mayai. Alipiga magoti mbele ya wazee, akakunjua nguo, akaanza kupanga vigae sakafuni. Hakujua hata herufi moja, lakini alijua kila kigae kimetoka upande gani wa chungu gani, kwa mkunjo wake na unene wake. Cha kwanza kikakamilika. Cha pili kikakamilika. Cha tatu alikipanga polepole zaidi, kwa kuwa kilikuwa kimevunjika vipande vingi.

"Soma, mwalimu," alisema.

Ambilikile aliinama, akasoma viwili vya kwanza. Kisha akasoma cha tatu: "*Chungu hufinyangwa na mwanamke, lakini hakitembei chenyewe. Mtumbwi wetu ulipigwa kasia na Andrea, mwana wa Rut. Miaka tisa alivusha vyungu, na hakuvunja hata kimoja.*"

Rut hakuwa akijua. Alibaki amepiga magoti, mkono wake mmoja ukitafuta juu ya vigae. "Wapi?" aliuliza. "Jina lake liko wapi?" Mwalimu akamshika kidole, akakipitisha juu ya herufi sita, kutoka kigae kimoja hadi kingine, nazo ndizo zikawa herufi za kwanza na neno la kwanza alilolisoma Rut maishani mwake. Alilirudia mara tatu. Wanawake walilia, na wanaume wakajifanya wana vumbi machoni.

Mzee Lazaro alihesabu tena kwa fimbo. "Arobaini," alisema, akaketi.

Hakukuwa na la kujadili tena. Baada ya ibada Sadoki alimfuata Neli nje, daftari kwapani, na safari hii hakuwa na tabasamu.

"Dada Neli, safari zangu nazo ningependa zidumu. Zingehitaji vyungu vingapi?"

"Kwa maneno yako, Bwana Sadoki, udongo wote wa machimbo ya Ikombe hautoshi. Punguza, kisha uje. Nitakufinyangia."

Naye alipunguza, akaja, akafinyangiwa.

Vyungu vile vilisambazwa kwa mitumbwi na kwa vichwa vya wanawake katika shule za ufukwe wote. Mwaka uliofuata Waingereza walifika, Wadachi wakaondoka, na karatasi nyingi za wakubwa ziliungua au zikaoza. Vyungu vya Neli havikuungua, kwa kuwa vilikuwa vimekwisha kuungua. Andrea hakurudi. Chungu chake kiligandishwa kwa ulimbo, na Rut hakukiuza kwa Mkinga wala kwa mtu yeyote. Alikiweka mlangoni, na kila mgeni aliyefika alisomewa jina lile na kidole cha bibi aliyejua neno moja tu, na aliyelijua vizuri.

Na ule mkono wa koleo, wenye ncha iliyonolewa na Tweve, Neli aliutumia mpaka akazeeka. Uliandika vyungu mia nyingine na zaidi. Basi anayesema kwamba kazi yake imekufa kwa sababu chombo kimemvunjikia mkononi, na aende Matema akaulize chuma kile kilikuwa nini kabla hakijawa kalamu. Ataambiwa, na atakubali mwenyewe, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.